Namna ya kupanga tiketi na mizigo kwa mfanyabiashara anayefuata bidhaa Guangzhou

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayejiandaa kwenda Guangzhou humwuliza wakala wa tiketi swali moja kabla ya mengine yote: nauli ni kiasi gani? Swali hilo halitoshi tena. Shirika moja la ndege huuza viti vya safu moja kwa madaraja matatu au manne ya nauli, na abiria wawili waliokaa bega kwa bega wanaweza kuwa na haki tofauti kabisa: mmoja ana mabegi mawili na anaruhusiwa kubadili tarehe ya kurudi, mwenzake ana begi moja na akikosa ndege amepoteza nauli yote. Kwa sababu hiyo ninakusihi uanze kupanga safari kutoka mwisho wake, yaani siku ya kurudi, ukadirie kwanza kilo utakazobeba, ndipo uangalie nauli.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme umeonyeshwa tiketi mbili, ya kwanza ni dola 700 na ina kipande kimoja cha mzigo, yaani begi moja, cha kilo 23, ya pili ni dola 780 na ina vipande viwili vya uzito huohuo. Kwa tofauti ya dola 80 umenunua kilo 23, sawa na takriban dola tatu na nusu kwa kilo moja. Sasa mwulize wakala bei ya kipande cha ziada kikilipiwa mapema kwenye tovuti ya shirika, na bei yake kikilipiwa kaunta siku ya safari. Mara nyingi bei ya kaunta ndiyo ya juu kuliko zote. Ukishaziweka bei hizo tatu mbele yako utajua tiketi ipi ni rahisi kwa kweli, na utajua pia kiasi cha kuongeza kwenye bei ya bidhaa utakapofika dukani.

Ukipewa tiketi, isome kabla hujalipa. Tafuta sehemu inayotaja mzigo: ukiona 2PC maana yake ni vipande viwili, ukiona 30K maana yake ni jumla ya kilo 30. Mifumo hii miwili hutofautiana sana. Kwenye mfumo wa jumla ya kilo, mara nyingi unaweza kugawa uzito katika mabegi kadhaa upendavyo, lakini kwenye mfumo wa vipande kila kipande kina kikomo chake, ambacho kwa kawaida ni kilo 23 na jumla ya urefu, upana na kimo isiyozidi sentimita 158. Mimi niliwahi kufika kaunta na mifuko miwili ya shangazi kaja, mmoja una kilo 38 za mashuka na mwingine kilo 8 za viatu vya watoto, nikijiona nimo ndani ya kilo 46 zangu. Nikaambiwa kwamba kipande chochote kinachozidi kilo 32 hakipokelewi hata kwa malipo, kwa kuwa ndicho kikomo kilichowekwa kulinda migongo ya wapakiaji. Nilichuchumaa sakafuni, nikakata selotepu kwa ufunguo wa nyumba na kuhamisha mashuka moja moja huku foleni nzima ikinitazama. Tangu hapo sisafiri bila mizani ndogo ya kuning'iniza, na hupima kila begi hotelini usiku wa kuamkia safari, nikiacha kilo moja ya tahadhari kwa sababu mizani mbili hazikubaliani sikuzote.

Mzigo wa mkononi nao unapimwa. Mashirika kadhaa yanayounganisha Dar es Salaam na China huruhusu kilo 7 tu katika daraja la kawaida, na kompyuta mpakato pamoja na chaja yake humaliza karibu nusu ya hizo. Weka humo sampuli, hati za biashara, fedha na dawa, hata kama itabidi nguo zako ziende kwenye begi kubwa, kwa kuwa masharti ya mashirika mengi hukataa dhamana ya vitu hivyo vikipotelea kwenye mzigo uliokabidhiwa.

Kuhusu tiketi yenyewe, liko kosa moja ninaloliona likirudiwa. Mtu ananunua tiketi ya Dar es Salaam, Nairobi, Guangzhou, kisha anapata shughuli Arusha, anapanda basi hadi Nairobi na kwenda kuisubiri ndege ya pili. Akifika kaunta anakuta safari yake yote imefutwa, pamoja na ya kurudi, kwa kuwa tiketi hutumika kwa mfuatano wa hatua zake za safari na hatua ya kwanza ikikosa abiria zinazofuata huanguka. Ikiwa unajua hutaanzia Dar es Salaam, omba tiketi ibadilishwe kabla ya ndege ya kwanza kuondoka. Vivyo hivyo, ukiunganisha tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ili kuokoa fedha, tarajia kuchukua mzigo wako katikati ya safari na kuukabidhi upya kwa masharti ya shirika la pili. Huenda ukahitaji viza ya kuingia nchi unakobadilishia ndege, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri. Jina kwenye tiketi lilingane na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Na hata tiketi isiyorudishiwa nauli, usipoitumia, ulizia kodi na tozo za viwanja, kwa sababu mara nyingi sehemu yake hurejeshwa kwa anayedai.

Betri zinahitaji uangalifu wa pekee. Pawabenki haiingii kamwe kwenye begi la kukabidhi. Hubebwa mkononi, na kikomo cha kawaida bila kibali cha shirika ni wati-saa 100. Ili kuzipata, zidisha mAh kwa volti kisha gawanya kwa 1,000: pawabenki ya mAh 20,000 na volti 3.7 ina wati-saa 74. Kuanzia tarehe 28 Juni 2025 China inakataza kwenye ndege za ndani ya nchi hiyo pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya uthibitisho wa usalama ya China, kwa hiyo anayeruka kutoka Guangzhou kuelekea Yiwu akague yake mapema. Nafuu hizi ni za matumizi binafsi. Simu na pawabenki za kuuza ni shehena, nazo zipelekwe kwa wakala wa mizigo anayejua kuzitangaza.

Unapompa wakala katoni za kusafirisha kwa ndege, kumbuka kwamba hutozwa uzito au ujazo, kimojawapo kilicho kikubwa. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40, vipimo vyake vikizidishwa kisha kugawanywa kwa 6,000, huhesabiwa kilo 20, hata kama mabegi ya shule yaliyomo yana kilo 9 tu. Bidhaa nyepesi zinazojaza nafasi zisubiri meli.

Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke nje ya ukumbi kabla hujaandikiwa ripoti na kupewa namba yake. Tanzania, Kenya na China zote ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo, unaokupa siku 7 tangu kupokea begi kulalamikia uharibifu kwa maandishi, na siku 21 tangu begi kukufikia kulalamikia ucheleweshaji. Begi ambalo halijafika baada ya siku 21 unaweza kulidai kama lililopotea. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa), takriban dola 2,000, kwa abiria mmoja na si kwa kila begi. Mwenye mzigo wa thamani kubwa zaidi anaweza kutangaza thamani hiyo kaunta na kulipa ada kabla ya kuukabidhi. Ambatisha kwenye dai tegi ya mzigo, pasi ya kupandia ndege, risiti za maduka ya Guangzhou na picha ya begi likiwa wazi, uliyoipiga hotelini baada ya kulipima.