Fraunces Tavern, New York: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujampeleka Mgeni

Siku na saa za kufungua ziangalie kwenye tovuti yao asubuhi ileile unayokwenda. Viatu, vya kutembelea. Begi kubwa liache nyumbani. Mlango usikuchanganye: chini ni baa na mgahawa, makumbusho yako juu, na kulipia chakula si kulipia tiketi.

Sasa sikiliza hili. Mwambie mgeni wako mapema, tena kabla hamjatoka nyumbani, kwamba nyumba ile si ya kale kama anavyodhani. Ya awali ilijengwa mwaka 1719. Karne ya 19 ikaungua mara kadhaa, ikabadilishwa hata ikapotea sura. Sehemu kubwa ya unachokiona leo pale 54 Pearl Street ni ujenzi uliokamilika 1907, na mengi humo ni ya kukisia.

Rafiki yangu alimpeleka baba mkwe wake, mgeni kutoka Morogoro, bila kumdokeza lolote. Mzee kapiga suti. Kufika kwenye ule ukumbi mrefu ambamo George Washington, jemadari wa Wamarekani kwenye vita vya kujikomboa kwa Waingereza, aliagana na maofisa wake tarehe 4 Desemba 1783, akavua kofia, akaweka kiganja ukutani, kimya. Mara mtembezaji akapita na kundi lake akiitaja 1907. Mkwe ikambidi atafsiri. Mzee akautoa mkono ukutani, akaufuta kwenye koti. "Kwa hiyo mwanangu, umenileta kuona nyumba iliyojengwa babu yangu yu hai?" Hakutazama kitu tena. Hata chakula cha jioni alikichokonoa tu.

Na kumbe cha kumpa kilikuwepo. Mwaka huohuo wa 1783, mahali hapo ndipo zilipokuwa zikisikilizwa, siku za Jumatano, kesi za watu weusi waliokuwa watumwa, waliokimbilia kwa Waingereza wakati wa vita hivyo kwa ahadi ya uhuru, huku mabwana zao wakidai warudishiwe. Walioruhusiwa kuondoka waliandikwa daftarini kwa jina, umri, maumbile na jina la aliyekuwa akiwamiliki. Ni watu wapatao 3,000, wengi wakapelekwa Nova Scotia, kwenye Kanada ya leo. Mimi mgeni wangu namsimulia hayo kwenye treni, kisha ukuta atajua mwenyewe aushike au auache.

Mengine ni ya kawaida. Chaji simu. Watoto washikwe mikono kwenye ngazi, na mtu asiegemee makabati ya vioo. Koti beba hata kama asubuhi kuna jua. Upepo wa baharini upande ule hauna adabu. Na usimpangie mzee makumbusho matatu kwa siku moja.