Jinsi ya kuwatoa popo darini bila kuwaua

"Fundi, umekuja na dawa gani?" Hilo ndilo swali la kwanza karibu kila nyumba ninayoitwa hapa Jinja, iwe Walukuba, Mpumudde au Bugembe. Sikuja na dawa. Nimekuja na ngazi, bomba la plastiki, wavu na saruji. Popo hatolewi kwa dawa. Kila jioni anatoka mwenyewe kwenda kutafuta chakula, na kazi yetu ni kuhakikisha kwamba akishatoka hana pa kurudia.

Najua wengi wameshajaribu mengine kabla ya kuniita. Sumu ya panya haifanyi kitu, kwa sababu popo wa darini hula wadudu wanaoruka na hagusi chambo. Dawa ya kupuliza ya wadudu humlevya, akaanguka chumbani akiwa hajafa vizuri, na wa kwanza kumwokota ni mtoto. Moshi wa pilipili au wa tairi chini ya kenchi kavu za miaka hamsini, hapo hesabu moto wa nyumba nzima kabla hujahesabu popo.

Na kuua hakumalizi shida. Mfano mkubwa tunao hapahapa Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi, waliugua Marburg, ugonjwa unaobebwa na popo wakubwa wa mapangoni walao matunda. Baadaye watu wa mgodini waliwaua popo hao kwa maelfu na kuziba milango ya mgodi. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena Ibanda, jirani na pale. Watafiti walipokwenda mgodini wakakuta popo wamerudi, tena wachache kuliko zamani, lakini waliobeba virusi walikuwa asilimia 13.3, ilhali kabla ya mauaji walikuwa asilimia 5.1. Ukiwafyeka wenyeji, nafasi inajazwa na wageni.

Popo wako si wale wa Kitaka, wala si wale wakubwa wanaoning'inia mitini mjini Kampala. Wa darini ni mdogo, anaenea kiganjani, na mkia wake umechomoza nje ya ngozi kama wa panya. Anapenda joto. Chini ya bati saa nane mchana joto hupita nyuzi 40, na yeye hapo ndipo anapopataka. Ndiyo maana nyumba ya mabati isiyo na kitu kati ya bati na dari inamvutia kuliko nyumba ya vigae.

Hakikisha kwamba ni popo

Chukua kinyesi kilichoanguka chini ya ukuta, kiweke juu ya karatasi, vaa glovu, ukiminye kwa kijiti. Cha panya ni kigumu, hakivunjiki kirahisi. Cha popo kinasagika kuwa unga, na ndani yake utaona vipande vinavyometameta: ni mabawa na magamba ya wadudu. Kipimo hiki hakijawahi kunidanganya.

Sikiliza pia. Panya hukimbia usiku wa manane. Popo hulialia mchana jua likiwa kali, na hupiga kelele zaidi karibu na magharibi wakijiandaa kutoka. Ukisikia kishindo kizito cha kitu kinachotembea, huyo huenda ni kanu (mnyama mdogo wa porini anayefanana na paka) au paka wa jirani, na mwongozo huu haumhusu.

Hatua ya kwanza: angalia kama kuna watoto

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Popo huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, na mtoto huyo hawezi kuruka kwa wiki kadhaa. Mama akifungiwa nje, mtoto anafia darini. Utapata harufu, funza na nzi, na mama atazunguka nyumba usiku kucha akitafuta upenyo mwingine, hata wa dirishani.

Huku kwetu karibu na mstari wa ikweta usitegemee kalenda peke yake. Wengi huzaa nyakati za mvua, wadudu wanapokuwa tele, kwa hiyo mimi hukwepa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Lakini aina nyingine ndogo huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Kwa hiyo panda uangalie. Subiri giza liingie na wakubwa watoke, kisha chungulia kwa tochi yenye mwanga mdogo kupitia tundu la dari. Kama bado kuna vikundi vya vitoto vya rangi ya waridi au vyenye manyoya machache vimegandamana kwenye mbao, shuka, funga tundu, rudi baada ya wiki sita hadi nane.

Mzee mmoja wa Walukuba alinibana kweli. "Mwanangu, wewe ziba tu leo, nimechoka na hii harufu." Nikamwambia, "Mzee wangu, ukiziba leo, wiki ijayo harufu ya leo utaitamani." Alicheka, akakubali kusubiri.

Hatua ya pili: keti nje jioni

Ukiruka hatua hii, zote zinazofuata ni kubahatisha. Jua letu huzama karibu saa ileile mwaka mzima, kwa hiyo kuanzia saa kumi na mbili u nusu uwe umeshakaa. Watu wawili ni afadhali, kila mmoja pembe yake ya nyumba, ili kila mtu aone kuta mbili. Zima taa za nje. Tazama ukingo wa paa dhidi ya anga, usitazame ukuta.

Utawaona wakidondoka. Popo hawa hawaruki moja kwa moja kutoka tunduni. Hujiachia, wakashuka kidogo, ndipo mabawa yashike hewa. Weka alama ya chaki kila mahali wanapodondokea. Kisha asubuhi panda ngazi ukatazame hapo kwa karibu: tundu linalotumika lina weusi wa mafuta ukingoni, utadhani mtu amepitisha kidole chenye grisi, na chini yake ukutani kuna michirizi ya mkojo na vinyesi vilivyonata.

Nyumba kubwa za zamani za hapa mjini huwa na matundu mawili matatu makuu, na mengine mengi ambayo hayatumiki leo lakini yatatumika kesho. Sehemu za kukagua ni hizi: mawimbi ya bati pale yanapokalia juu ya ukuta (hapa ndipo penye kesi nyingi), chini ya kofia ya paa, nyuma ya fishabodi (ubao wa ukingo wa paa) iliyopinda, pembeni ya dari ya nje, na matundu ya hewa yaliyopoteza wavu. Nafasi ya sentimita moja inamtosha. Kama kidole chako kidogo kinaingia, popo anaingia.

Hatua ya tatu: ziba kila kitu, ila matundu makuu

Kazi hii unaifanya mchana, na inachosha kuliko zote. Mawimbi ya bati yazibe kwa saruji na mchanga, ukianza kwa kushindilia vipande vya wavu wa kuku ndani ili saruji ipate pa kushika. Nyufa za mbao zitie silikoni. Matundu ya hewa yape wavu mgumu wenye macho madogo kuliko milimita tano. Usiyazibe kabisa, maana paa lisilopumua huozesha mbao. Povu la kupuliza linalovimba na kukauka mimi silipendi: panya hulitafuna, na jua hulisaga kuwa vumbi.

Yale matundu makuu yenye chaki yaache wazi. Usiyaguse bado.

Hatua ya nne: mlango wa kutokea tu

Una njia mbili. Tundu likiwa la mviringo au la pembeni, tumia bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita tano, urefu wa sentimita 25 hivi. Lifunge kwenye tundu likielekea chini, mwisho wa ndani usichomoze kupita ukingo wa tundu ili popo asilikose. Kwenye mdomo wa nje vesha kipande cha kaveera (mfuko wa plastiki) laini kilichokatwa pande zote mbili, kining'inie kama mkono wa shati. Popo akitoka anateleza ndani ya bomba na kuisukuma kaveera. Akirudi anaikuta imelala, na plastiki haina pa kushika kucha. Bomba liwe jipya au laini ndani. Likiwa na mikwaruzo atapanda.

Tundu likiwa refu, kama mwanya wa nyuma ya fishabodi, tumia wavu wa plastiki wa madirishani. Upigilie juu na pembeni, uache chini wazi, ushuke nusu mita chini ya mwanya, ulegee kidogo usigandamane na ukuta. Anayetoka atatambaa kushuka hadi achomoke chini. Anayerudi atakwenda moja kwa moja kwenye tundu lake la zamani na kugonga wavu. Usitumie chandarua: nyuzi zake ni nyembamba, kucha hunasa, na asubuhi utakuta popo wamening'inia wamekufa.

Jioni ya kwanza keti tena. Kama hawatoki, au wanarundikana ndani wakilia, kuna kitu umekiziba vibaya. Kitoe usiku huohuo.

Hatua ya tano: subiri

Acha milango hiyo wiki nzima. Si wote hutoka kila usiku, na mvua kubwa ikinyesha jioni wengi hubaki ndani, kwa hiyo usiku wa mvua usiuhesabu. Ukikaa jioni mbili mfululizo zisizo na mvua bila kuona hata mmoja akitoka, panda na tochi uhakikishe, kisha toa bomba au wavu na uzibe mchana huohuo. Usiseme utamalizia kesho.

Popo anaweza kupotea njia na kuangukia chumbani siku hizi. Funga mlango wa ndani, fungua madirisha, zima taa, mwache. Akiwa chini sakafuni hawezi kupaa kirahisi. Mfunike kwa kopo, pitisha karatasi ngumu chini yake, umweke juu ya shina la mti au ukutani mahali pa juu. Usimshike kwa mkono mtupu. Popo akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na siku hiyohiyo nenda kituo cha afya ueleze kwamba ni popo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Usingoje uone kama kidonda kitavimba.

Hatua ya sita: usafi

Kinyesi kikavu usikifagie. Kuvu wanaoota ndani yake huenda mapafuni pamoja na vumbi, na mafundi wengi huugua kifua wasijue kimetoka wapi. Vaa barakoa nzito inayobana uso (ya kitambaa haitoshi), glovu, miwani, na nguo utakazofua peke yake. Rashia maji yenye klorini, sehemu moja ya klorini ya maji (jiki) kwa tisa za maji, subiri robo saa, kisha uchote kikiwa kimelowa na utie kwenye magunia. Shuka chini mara kwa mara. Darini mchana ni joto la kuangusha mtu, kwa hiyo anza alfajiri. Siling bodi iliyolowa mkojo na kulegea ibadilishe, haina dawa.

Wengine huniomba kinyesi hicho kwa ajili ya migomba. Ni mbolea kali kweli, ila kile ulichomwagia klorini usikipeleke shambani, na kingine kifukie kwenye shimo na udongo badala ya kukitawanya kikavu.

Baada ya hapo

Popo watahamia mahali pengine, mara nyingi nyumba ya jirani. Mwambie jirani mapema, tena akikubali fanyeni kazi pamoja, mtagawana gharama ya ngazi na wavu. Unaweza pia kutundika sanduku la mbao la popo kwenye nguzo ndefu nyuma ya uwanja, penye jua la kutosha. Wengine hulikubali, wengine hulipuuza. Wanaosema popo watakumalizia mbu wametia chumvi, kwani hawa wa darini hupenda zaidi mbawakawa na nondo. Hata hivyo mwenye shamba la mahindi hana sababu ya kuwachukia.

Kwa tumbili wa Entebbe wanaofungua madirisha ya jikoni, kenge bandani au nyoka chooni, usitumie mwongozo huu. Hao ni wa Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, ambayo ina maofisa wa kuwakamata na kuwahamisha, na Sheria ya Wanyamapori hairuhusu umtege na kumhamisha mnyama pori utakavyo hata akiwa uani kwako.

Mwezi mmoja baadaye pita chini ya kuta asubuhi. Ukikuta kinyesi kipya upande mmoja, usivunje kazi yote. Kaa jioni upande huo tu. Mara nyingi ni wimbi moja la bati ambalo saruji yake imepasuka.