Kisukari na saumu: mambo ya kuweka sawa tangu Rajabu

Wengi huikumbuka dawa usiku ule mwezi umeandama, ndipo wanauliza kidonge cha mchana kimezwe saa ngapi. Umechelewa. Mwenye kisukari cha aina ya pili huenda kliniki Rajabu, wiki 6 hadi 8 kabla ya kufunga, na pakiti zake zote mkononi. Usiende kusema "nameza vile vyeupe", maana vyeupe ni vingi.

Na pakiti ndizo zenye maneno. Metformini hupunguza sukari inayomwagwa na ini na kuufanya mwili uitikie vizuri zaidi insulini yake, yaani homoni inayoshusha sukari. Ikimezwa peke yake, ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi ni habari nyingine: hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Saa kumi alasiri, tumbo tupu, jasho linakutoka, mikono inatetemeka, macho yanaona kiza. Kama unayo, muulize daktari: itapunguzwa au nitabadilishiwa? Usijipangie mwenyewe.

Kwa metformini ya mara 2, kwa kawaida kimoja huenda na futari, kingine na daku. Ya mara 3, cha mchana aghalabu huunganishwa na cha futari. Vile vya kuyeyuka polepole humezwa wakati wa kufuturu, na havisagwi wala kutafunwa. Ila kula kwanza ndipo umeze. Juu ya tumbo tupu huleta kichefuchefu na kuharisha, na tarawehe ni ndefu.

Figo nazo zipimwe, kwani ndizo zinazoitoa metformini mwilini. Daktari akikwambia usifunge, msikilize. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Al-Baqara, aya ya 184.

Nunua vijiti vya kupimia sukari mapema. Kudunga kidole hakubatilishi saumu, japo mtaani utaambiwa vingine. Ukisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.7 kwa mashine ya milimoli (kwa ya miligramu ni 70 na 300), fungua papo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebakiza dakika 10.

Kaimati za shira? Moja, nayo kwa shingo upande. Tende mbili zinatosha kufungulia. Na mtu mmoja nyumbani aonyeshwe mashine inavyotumika, tena ajue kopo la sukari liko wapi, asije akakuacha ukiwa umelala mchana akidhani ni uchovu wa saumu.