Dumu la alizeti lililokaa juani usilinunue

Ukipita barabara ya Dodoma kwenda Singida utaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa mezani, yanang'aa kwa jua. Wewe uliyeacha ugali ili kupunguza wanga na sasa unategemea mafuta, hayo yapite. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki nyingi, yaani aina mojawapo ya mafuta, na hiyo huharibika upesi ikipigwa na mwanga, joto na hewa. Omba dumu lililokaa ndani, fungua kifuniko, nusa. Mafuta mazima yananukia mbegu. Yakinuka kama rangi ya mlango au karanga za siku nyingi, yaache.

Habari ya wanga isikusumbue, mafuta ya kupikia hayana wanga kabisa. Angalia moto. Kukaangia nyama natumia samli, kidogo tu, maana mwenye kolesteroli ya juu inabidi aipunguze. Alizeti naiweka kwenye mchicha, moto mdogo, na chupa yake inakaa kabatini, mbali na jiko.

Na tafadhali, kama unameza dawa za kisukari au unachoma insulini, muone daktari kwanza kabla hujaacha wanga. Sukari inaweza kushuka ghafla.