Kuitoa riwaya ya upelelezi kitabuni na kuiingiza kwenye TV, fanya hivi

Wengi wakitaka kugeuza riwaya ya upelelezi iwe filamu ya TV wanafungua kitabu ukurasa wa kwanza, wanafungua na laptop, wanaanza kunakili mazungumzo mstari kwa mstari. Usifanye hivyo aisee. Utatoka na skripti ya masaa sita, na muuaji mtazamaji atakuwa ameshamjua kabla hata ya tangazo la kwanza.

Mimi nitatumia mfano mmoja tu mwanzo mpaka mwisho kwa sababu nimeutazama mara nyingi na kitabu chake nimekisoma mpaka kimeachia gundi: The Dead of Jericho. Riwaya ni ya Colin Dexter, ilitoka 1981, mambo yanatokea mji wa Oxford kule Uingereza, na filamu yake ilirushwa ITV, kituo cha TV cha huko huko Uingereza, tarehe 6 Januari 1987, John Thaw akiwa Chifu Inspekta Morse na Kevin Whately akiwa Sajenti Lewis. Skripti aliandika Anthony Minghella, huyu huyu ambaye baadae alikuja kuchukua Oscar ya udairekta. Muuaji simtaji, kaitafute.

Angalia kitu cha kwanza, Jericho ni kitabu cha tano cha Morse lakini ndo kilianza kufanywa filamu. Cha kwanza kilitoka 1975 na walikiruka. Kwa hiyo kama mwandishi wako ana vitabu vingi usijione umefungwa na mpangilio wa kuchapishwa, tafuta kile ambacho kesi inamgusa mpelelezi mwenyewe. Jericho inamgusa Morse kwa sababu mwanamke anayekutwa amekufa ni mtu aliyekuwa ameanza kumpenda, na hapo mtazamaji asiyemjua Morse kabisa anamjua ndani ya robo saa.

Ukishachagua, soma. Mara ya kwanza soma kama msomaji wa kawaida, ufurahie, udanganyike. Mara ya pili soma na kalamu na uanze na sura ya mwisho, maana sasa ukweli unaujua, chukua daftari uandike siku kwa siku saa kwa saa nani alifanya nini, nani alipita wapi, nani alimuona nani, achana na mwandishi alivyopanga sura zake. Riwaya ya upelelezi ina hadithi mbili, ya uhalifu wenyewe na ya yule anayeutafuta, na kitabuni zimesukwa kama ukili, sasa wewe ufumue kwanza ndo usuke upya. Nimeona skripti nyingi zinakufa hapa, mwandishi hajafumua, kisha katikati mtu anapokea barua ambayo ilikuwa bado haijaandikwa.

Halafu piga hesabu ya muda. Filamu za Morse zilikuwa na dakika kama 100, ukiweka na matangazo zinajaza masaa mawili. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja, kwa hiyo una kurasa 100 hivi, basi. Kila mshukiwa anahitaji kuonekana angalau mara tatu: tunamfahamu, anadanganya, uongo wake unashikwa. Washukiwa saba ni sini 21, yaani vipande 21 vya filamu, na bado hujampa mpelelezi wako hata muda wa kukaa chini. Unganisha watu. Shangazi na jirani wanaweza kuwa mtu mmoja, muuza duka anaweza kubeba habari ya postamani.

Sasa kazi kubwa, na hapa usiwe na haraka. Kitabuni mwandishi anaingia kichwani mwa mpelelezi anavyotaka, "Morse alifikiri hivi, akakumbuka vile", kurasa mbili nzima na wewe unafurahia. Kamera haiingii kichwani. Wengine wanaweka sauti ya nyuma inasimulia mawazo, mimi siipendi kwenye upelelezi kwa sababu ukishamsikia mpelelezi anawaza huwezi tena kumficha mtazamaji anachokijua, inakuwa ni kumdanganya tu. Dawa ni kumpa mtu wa kuongea naye, na huyo mtu asiwe anakubali tu kila kitu. Kwenye vitabu vya mwanzo Lewis ni mtu wa Wales, mtu mzima, umri hauko mbali na wa Morse. Kwenye TV wakamfanya kijana, baba wa watoto, mtu wa kaskazini mwa Uingereza, lafudhi tofauti, anaongea wazi wazi. Ukifikiria utaona kwa nini. Wazee wawili wanaofanana wanaweza kukaa kimya kwenye gari na wakaelewana, ila kijana atauliza "bosi mbona hivi?" na bosi lazima ajibu, na katika kujibu kichwa chake kinafunguka mbele yetu bila msimulizi. Na ule upweke wa Morse, pombe zake, muziki wake wa opera, unaonekana zaidi pembeni ya mtu mwenye mke anayemsubiri na chakula.

Vitu navyo vinabeba mawazo. Kitabuni Morse aliendesha Lancia, TV ikampa Jaguar Mark 2 nyekundu, gari la zamani, na ukiiona tu umeshajua huyu ni mtu wa aina gani. Dexter akaipenda mpaka kwenye vitabu vilivyofuata naye akahamia Jaguar. Jiulize mpelelezi wako anashika nini, anaendesha nini, anakunywa nini, na usiandike kwenye mazungumzo kitu ambacho kiti chakavu kinaweza kukisema.

Kuficha vidokezo. Kwenye maandishi unaweza kuchomeka kidokezo katikati ya sentensi ndefu msomaji akapita nacho hajui. Kwenye TV kamera ikitulia juu ya bahasha sekunde mbili nyumba nzima inasema "hiyo bahasha hiyo!" Kwa hiyo weka kidokezo wakati mtu anafanya kitu kingine chenye nguvu zaidi, watu wanagombana na funguo ziko pale mezani kwenye picha pana, basi, usizisogelee. Hata sauti inafaa, Barrington Pheloung aliyetunga muziki wa Morse aliingiza herufi za jina Morse kwa alama za telegrafu kwenye ule wimbo wa mwanzo, na kuna vipindi alificha jina la muuaji humo humo, ni ufundi ambao mpaka leo unanisisimua.

Kosa la mpelelezi usilikate. Kwenye Jericho Morse anajenga nadharia nzima juu ya tamthilia ya Sophocles, ile tunayoijua kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi, anaipanga vizuri sana, anamhadithia Lewis kwa moto wote, na imekosea. Mtu anayebana dakika ataona hiyo sehemu haina faida maana haileti muuaji. Inaleta Morse! Iache, kata kitu kingine.

Kuhusu mahali nitasema kidogo tu: Jericho ni mtaa wa kweli, vinyumba vya matofali vimebanana karibu na mfereji, na walipiga picha huko huko. Nenda utembee pale hadithi inapotokea kabla hujaandika, upime kwa miguu dakika ngapi toka mlango huu mpaka ule.

Haki za kazi, zichukue kwa maandishi kabla ya ukurasa wa kwanza, mwandishi akiwa ameshafariki ni warithi wake. Na akiwa hai mheshimu. Dexter walimpa kasehemu kadogo, anapita tu nyuma au amekaa baa, karibu kila filamu, na naamini ule ukaribu ulisaidia sana akubali mabadiliko yote yale.

Nasema haya yote kwa sababu tuna Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko wa Muhammed Said Abdulla, mwandishi aliyeshinda naye mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kitabu, Mzimu wa Watu wa Kale, kikatoka 1960, na pembeni ya Bwana Msa yupo rafiki yake Najum, yaani mtu wa kuuliza "mbona hivi?" tayari tumepewa. Ukitaka kujaribu mkono wako anza hapo, kwa mazoezi tu: chukua sura moja ambayo wako wawili, futa kila sentensi inayosema mtu alifikiri nini, na uiandike tena kwa kurasa nne, kwa wanachosema na wanachoshika. Kisha mpe mtu ambaye hajasoma kitabu, umuulize Bwana Msa anamshuku nani.