Jinsi ya kutumia akili ya kawaida meseji ya hela ikiingia kwenye simu

Jamani hii meseji ya matapeli ya "ile hela ya kodi tuma kwenye namba hii" bado inaliza watu, na wanaolizwa sio wajinga, ni watu wamebanwa tu na haraka. Kwa hiyo cha kwanza kabisa usijibu hapo hapo. Kama kweli unadaiwa kodi, mpigie mwenye nyumba kwa namba yako ya siku zote uliyoseivu, sio hiyo iliyokuja na meseji, dakika mbili tu unajua ukweli.

Sasa kuna hawa wa "samahani nimekosea nimekutumia elfu hamsini naomba unirudishie". Hapa ndo pa kutulia, usiamini meseji, ingia menyu mwenyewe uangalie salio, maana meseji mtu anaweza kuitunga ikafanana kabisa na ya kweli ila ukiangalia juu imetoka namba ya kawaida. Na hata kama hela imeingia kweli usirudishe wewe, mwambie apige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, wairudishe wenyewe. Akianza kulia eti mgonjwa yuko hospitali, akikukimbiza sana, ujue hapo kuna kitu.

Pini humpi mtu, awe wakala awe "huduma kwa wateja".

Hiyo namba ya tapeli usiifute tu, itume kwa meseji kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kama kuna usiyoijua, na mama naye mfanyie hivyo hivyo leo leo.