Rimoti ya ufunguo wa gari ikigoma: mambo ya kukagua kabla ya kununua ufunguo mpya

Rimoti ya gari inapokataa kufungua milango, wenye magari wengi humpigia simu fundi wa funguo papo hapo, na fundi naye, kwa kuwa ndiyo riziki yake, hupendekeza ufunguo mpya. Kabla ya kufika huko, inafaa kufahamu kwamba ndani ya kile kidude cha plastiki mna vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina kazi yake. Cha kwanza ni rimoti yenyewe, inayotumia betri kurusha mawimbi ya redio ya kufunga na kufungua milango. Cha pili ni chipu ya imobilaiza, yaani mfumo unaozuia injini isiwake kwa ufunguo usiotambulika; chipu hiyo haitegemei betri hata kidogo, kwa sababu hupata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka tundu la kuwashia gari au iliyo nyuma ya kitufe cha kuwashia. Cha tatu ni chuma cha ufunguo, ambacho kwenye magari ya kitufe huwa kimefichwa ndani ya kava. Ukishajua ni kipi kati ya hivyo kimekufa, umemaliza nusu ya kazi.

Kama umekwama nje ya gari

Ikiwa gari lako ni la kitufe na halikutambui, tafuta kichomozo kidogo ubavuni mwa ufunguo, kisukume, kisha uvute kile chuma. Tundu lake huwa kwenye mlango wa dereva, na kwenye baadhi ya magari limefunikwa kwa kipande cha plastiki mwishoni mwa mkono wa mlango. Kengele ya wizi huenda ikalia ukifungua kwa njia hiyo. Usibabaike, kwani hunyamaza gari likishautambua ufunguo. Ukiwa ndani, kanyaga breki na ugusishe ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia. Kwa magari ya Toyota, upande unaogusishwa ni ule wenye nembo. Utasikia mlio mfupi, na hapo utabonyeza kitufe ndani ya sekunde chache. Magari mengine yana kitundu maalumu cha kuchomekea ufunguo. Gari likiwaka kwa namna hiyo, chipu ni nzima na unaweza kwenda zako. Lililobaki ni suala la betri au rimoti.

Anza na gari, si ufunguo

Bonyeza swichi ya kufunga milango iliyopo mlangoni kwa dereva. Ikiwa milango yote haiitikii, tatizo haliko mkononi mwako: kagua fyuzi ya loki za milango, na ukague betri kubwa ya gari, kwa maana betri iliyochoka huanza kuonyesha udhaifu kwenye vitu kama hivi kabla gari halijashindwa kuwaka. Ikiwa mlango mmoja tu ndio unaogoma huku mingine ikifunga, mota ya loki ya mlango huo ndiyo mgonjwa. Angalia pia taa za indiketa: zikimweka unapobonyeza rimoti ilhali milango haifungi, ujumbe umefika na rimoti haina kosa lolote.

Kuna sababu nyingine zinazoonekana kama uharibifu kumbe sivyo. Magari mengi hupuuza rimoti mlango mmoja ukiwa haujafungwa vizuri, au ufunguo ukiwa umechomekwa kwenye tundu la kuwashia. Mnara wa redio au wa simu ulio jirani unaweza kuyafunika mawimbi, hivyo sogeza gari mita mia moja kisha ujaribu tena. Ufunguo uliowekwa pamoja na simu au chaja ndani ya mfuko mmoja nao huweza kushindwa kusikika. Aidha, funguo kadhaa za Toyota zina hali ya kutunza betri, ambayo huwashwa kwa kushikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili. Mtoto akiuchezea ufunguo anaweza kuiwasha bila kujua, na gari likaacha kukutambua unapolikaribia. Kubonyeza kitufe chochote cha ufunguo huo huiondoa hali hiyo.

Ukiwa na ufunguo wa akiba, ujaribu sasa. Ukifanya kazi, gari liko salama na uchunguzi unahamia kwenye ufunguo wa kwanza.

Betri na vitufe

Dalili ya betri inayoisha ni umbali kupungua kidogo kidogo: jana ulifungua ukiwa getini, leo mpaka uliguse gari. Rimoti iliyokufa ghafla baada ya kuanguka au kulowa huwa na maradhi mengine.

Funga ncha ya bisibisi bapa kwa kitambaa, uiingize kwenye mfereji wa kava, kisha uizungushe taratibu badala ya kukandamiza. Piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote, ili ujue upande wenye alama ya kujumlisha ulielekea wapi. Namba ya betri imeandikwa juu yake: CR2032 ni ya upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, CR2016 ina upana uleule lakini unene wa milimita 1.6, na CR1632 ina upana wa milimita 16. Usikubali kuuziwa nyembamba kwa maelezo kwamba «inaingia tu». Itaingia kweli, lakini haitagusa vyuma vya pande zote mbili sawasawa. Betri mpya ya aina hizi husoma volti 3 au zaidi kidogo kwenye multimita. Ukiona imeshuka chini ya 2.7, ibadilishe. Jihadhari, hata hivyo, na betri kuukuu inayosoma 2.9 ikiwa imekaa bila kazi, kisha ikaporomoka pale rimoti inapoitaka nguvu. Njia ya uhakika ni kujaribu betri mpya iliyotoka kwenye pakiti yake. Ile ya zamani iweke mbali na watoto mara moja, kwa sababu betri ya sarafu ikimezwa na kukwama kooni huunguza ndani kwa muda wa saa mbili tu, na hilo ni la kukimbilia hospitali.

Kabla ya kuweka betri mpya, tazama vile vyuma vinavyoishika. Kwa sisi tunaoishi Pwani, ambako hewa ina chumvi na jasho halikauki, si ajabu kukuta unga wa kijani au mweupe umeganda hapo. Usugue kwa pamba yenye spiriti, uache ukauke, kisha uinue chuma kidogo kwa ukucha ikiwa kimelala.

Kitufe kimoja kikigoma huku kingine kikifanya kazi, betri haihusiki. Ukiondoa mpira wa vitufe utaona juu ya ubao wa saketi (lile bamba lenye vipuri vya umeme) vijiswichi vidogo vya mraba. Kibonyeze kila kimoja kwa ncha ya kalamu. Kile kilicho kizima kinatoa mlio wa «tik». Kilichochoka hukaa kimya, au huyumba ikiwa risasi ya kulehemu imepasuka chini yake. Fundi wa simu aliye makini hubadilisha kijiswichi hicho kwa dakika chache, na malipo yake hayafikii hata kidogo bei ya ufunguo mpya.

Rimoti iliyolowa itolewe betri bila kuibonyeza. Ikiwa ni maji ya bahari, suuza ubao kwa maji safi halafu kwa spiriti, kisha uuanike kivulini siku nzima.

Rimoti na gari kupoteana

Kila unapobonyeza, rimoti hutuma msimbo mpya ambao gari linautarajia. Ikibonyezwa mara nyingi mno mbali na gari, rimoti hutangulia na gari likabaki nyuma. Magari kadhaa hupatana nayo tena ukisimama karibu na kubonyeza mara mbili mfululizo. Mengine hutaka ufuate utaratibu wa kitabu cha gari, kwa kawaida ukiwa umewasha swichi.

Pale chipu inapohusika

Milango ikifunguka lakini injini ikakataa kuwaka, tazama taa nyekundu yenye picha ya ufunguo au gari kwenye dashibodi. Ikiendelea kumweka baada ya kuzungusha swichi, chipu haisomeki. Hapa nina kisa changu: nilimpa fundi ufunguo wangu abadilishe kava lililopasuka, akaurudisha uking'aa, milango ikafunguka vizuri, gari likakataa katakata kuwaka. Chipu ya ufunguo ule ilikuwa kipande cheusi kama kokwa ya ukwaju, kimebandikwa pembeni mwa kava, wala hakikuwa kwenye ubao. Alikuwa amekitupa pamoja na kava la zamani, na tulikikuta kwenye pipa la taka la jirani yake tukiwa na tochi. Kwa hiyo ukibadilisha kava, hakikisha unahamisha kila kilichomo, na usiondoke dukani kabla ya kuwasha gari.

Ikibidi kununua rimoti nyingine, usilinganishe sura peke yake. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kwa kawaida hutumia masafa ya karibu na megahezi 315, ilhali ya Ulaya hutumia 433, na rimoti mbili zinaweza kufanana kama pacha zisisikilizane kamwe. Linganisha namba zilizochapwa nyuma ya kava na juu ya ubao. Siku ya kuisajili, nenda na funguo zote ulizo nazo, kwani katika baadhi ya magari usajili mpya hufuta funguo za awali, na ule ulioacha nyumbani utabaki chuma kitupu.